Uwanja wa Agadez: mgeni kaondoka, wenye mji wamepata nini?

Agosti 2024 wanajeshi wa Marekani walikabidhi kambi yao ya Agadez, kaskazini mwa Niger, na vijana wengi mitandaoni wakashangilia. Wana haki ya kushangilia. Ila makamanda, tukishamaliza kushangilia tuulize swali moja: uwanja ule sasa ni wa nani?

Agadez ni mji wa Watuareg, mlangoni mwa Sahara. Mnara wa msikiti wake wa udongo una umri wa karne tano, na mwaka 2013 UNESCO iliuweka mji mkongwe kwenye orodha ya urithi wa dunia. Uwanja wake wa ndege unaitwa Mano Dayak. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa utalii aliyegeuka kiongozi wa uasi, akafa kwa ajali ya ndege Desemba 1995 akiwa njiani kwenda kwenye mazungumzo ya amani. Yaani uwanja umepewa jina la mtu aliyekufa akienda kuongea!

Kuna wakati ndege za kukodi kutoka Ufaransa zilitua pale moja kwa moja na watalii. Waongozaji wa jangwani, wenye ngamia, mafundi wa fedha, wenye nyumba za wageni, wote walikula kupitia uwanja ule. Uasi wa 2007 ukaua biashara hiyo, na haijasimama tena vizuri mpaka leo.

Halafu wakaja Wamarekani. Pembeni ya uwanja wakajenga Kambi ya 201 kwa takriban dola milioni 110, na mwaka 2019 ndege zisizo na rubani zikaanza kuruka. Hela nyingi hiyo. Lakini kambi ya upelelezi haimletei fundi wa fedha mteja hata mmoja.

Nani aliruhusu? Katiba ya Niger ya 2010, ibara ya 169, inataka mikataba ya ulinzi ipitie kwenye sheria ya Bunge kabla ya kuridhiwa. Wanaharakati wa Niger walipiga kelele miaka mingi kwamba za kambi hizi hazikupita huko. Na msidhani kule Marekani walijua zaidi. Wanajeshi wao wanne walipouawa Tongo Tongo Oktoba 2017, Seneta Lindsey Graham alisema hakujua kama wana askari karibu 1,000 Niger. Bunge la huku linarukwa, seneta wa kule hajui. Sasa nani alikuwa anajua?

Machi 2024 utawala wa kijeshi ulivunja makubaliano hayo, msemaji wake akisema Niger ililazimishwa na yanakwenda kinyume na Katiba. Hoja nzuri sana. Tatizo ni mdomo ulioitoa. Watu haohao walimpindua Rais Bazoum Julai 2023, wakamfungia na kuisimamisha Katiba hiyohiyo. Aprili 2024 wakufunzi wa kijeshi wa Urusi wakatua Niamey. Bunge gani lilijadili? Halikuwepo. Desemba 2024 mwanaharakati Moussa Tchangari akakamatwa. Machi 2025 vyama vyote vya siasa vikavunjwa na Jenerali Tiani akaapishwa kwa miaka mitano.

Hapo ndipo baadhi yetu tunadanganyika. Wamembadilisha mpangaji tu. Hati ya nyumba imebaki kwa mwenye bunduki. Kijana wa Agadez aliyekuwa hana pa kuulizia mwaka 2019, leo hana hata chama cha kumsemea.

Kuna watakaosema hiyo ni vita, mambo ya ulinzi ni siri. Ni kweli vita ipo. Mei 2013 kambi ya jeshi ya Agadez ilishambuliwa na askari wengi wakafa. Hakuna anayedai ratiba ya ndege za kivita. Tunachodai ni mkataba: nani anakuja, kwa muda gani, analipa nini, na kombora likimuua mchungaji wa ngamia nani anawajibika. Hayo yakifichwa, anayefichwa ni mwananchi.

Na jambo hili halipo jangwani tu. Januari 5, 2020 Al-Shabaab walishambulia uwanja wa Manda Bay, Lamu, wakaua Wamarekani watatu. Jeshi la kigeni likiweka ndege zake kwa jirani, hatari inalala naye kitanda kimoja. Basi aulizwe kabla.

Vijana wenzangu, msimamo wetu uwe mmoja kwa Mmarekani, Mfaransa, Mrusi na jenerali wa nyumbani: mkataba wa kijeshi upelekwe bungeni, usomwe hadharani, uwe na tarehe ya mwisho. Anayekataa hayo, hata akivaa joho la uzalendo, tumuulize anaficha nini.