Barua ya wazi kwa RURA: tusilipishwe bei ya Goma tukiwa Gisenyi

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Kudhibiti Huduma za Umma (RURA),
Kigali.

Mheshimiwa,

Nauza vocha na kuchaji simu hapa Mbugangari, karibu na Petite Barrière, kivuko cha mpakani kati yetu na Goma ya Kongo. Nakuandikia kwa sababu malalamiko yanayoletwa kwenye meza yangu mimi sina uwezo wa kuyatatua. Ofisi yako inao.

Mama mmoja muuza vitunguu alinunua vocha ya faranga 500. Akaiingiza mbele yangu, akahakikisha salio limeingia, akaenda zake. Jioni alirudi na simu mkononi. "Kaka, mainite yangu yameenda wapi? Sijapiga hata mara moja." Nilipotazama kioo, jina la mtandao lililoandikwa pale juu halikuwa la laini yake. Lilikuwa la kampuni ya Kongo. Mama huyu hakuwa amevuka mpaka siku hiyo. Alikuwa nyumbani kwake, ndani ya chumba ambacho mawimbi ya kampuni yake ni hafifu, na mnara wa ng'ambo ukaidaka simu yake. Mteja wake akampigia, wakajadiliana bei ya gunia, na salio likakatwa kwake yeye aliyepokea, kwa kuwa kwenye romingi, yaani simu ikitumia mtandao wa nchi nyingine, anayepokea naye hulipa. Ujumbe wa kumjulisha ulikuwa umefika, tena kwa Kiingereza, lugha ambayo haisomi. Haukutaja popote kwamba anaweza kukataa.

Wanaoishi mbali na mpaka huenda wakadhani haya hutokea mara moja moja. Njoo ukae hapa Gisenyi. Nyumba za kwetu na nyumba za Goma zinatazamana, na katikati ni njia ambayo mtoto anaivuka kwa pumzi moja. Makumi ya maelfu ya watu wamezoea kupita hapa kwa siku, wakiuza karoti, maziwa na unga. Simu inapopoteza mtandao wake hutafuta mwingine, na mwingine ulio karibu ni wa Goma. Mteja hana kosa, wala sisemi mnara una kosa. Kosa ni kumtoza mtu bei ya msafiri bila kumuuliza kama amesafiri.

Mwaka 2014 Rwanda, Kenya na Uganda zilianza kutekeleza mpango wa mtandao mmoja. Kupokea simu ukiwa katika nchi hizo kukawa bure, na kupiga kukawekewa kikomo cha senti 10 za dola kwa dakika. Lilikuwa jambo jema kabisa, na wafanyabiashara waendao Kampala na Nairobi walipumua. Lakini mpango ule ulianzishwa bila Kongo, nasi wa Rubavu jirani yetu wa kila siku ni Goma. Kongo ilitia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 8 Aprili 2022, tukafurahi tukitarajia simu nazo zitafuata. Bado tunasubiri.

Naijua hali ya mashariki mwa Kongo, na najua kwamba mazungumzo kati ya Kigali na Kinshasa si mepesi. Ndiyo maana ombi langu la kwanza halihitaji saini ya Kinshasa. Mteja wa Gisenyi ana laini ya Rwanda, ameinunua kwa kampuni yenye leseni ya Rwanda, na leseni hiyo inasimamiwa na RURA. Kampuni ikiamriwa kuifunga romingi mpaka mwenye laini aiombe mwenyewe, hakuna nchi nyingine inayohitaji kuulizwa. Ulaya wameliona tatizo hili zamani. Kanuni zao za romingi zinazitaka kampuni zichukue hatua za kumlinda mteja anayenaswa na mtandao wa nchi jirani bila kukusudia. Kwa upande wa data wameweka kikomo cha kawaida cha euro 50 kwa mwezi, na mteja hutahadharishwa akifikia asilimia 80. Kama mkulima wa mpakani kati ya Ufaransa na Ujerumani analindwa, muuza vitunguu wa Mbugangari naye analistahili hilo.

Yupo atakayesema hizi ni faranga chache. Namkumbusha yaliyotokea ng'ambo. Mwaka 2020 serikali ya Kongo ilianzisha tozo iliyoitwa RAM, dola 1 kwa mwaka kwa simu ndogo na dola 7 kwa simu za 3G na 4G, ikikatwa moja kwa moja kwenye salio la mteja. Watu wengi wa hapa wana laini mbili, moja ya Rwanda na moja ya Kongo, kwa hiyo tuliionja. Mtu aliingiza vocha, ikayeyuka kabla hajapiga. Hasira ilipanda hadi bungeni, na mwanzoni mwa 2022 tozo ile ikaondolewa. Nilichosikia kwa wateja wakati ule hakikuwa kiasi cha pesa peke yake. Walichoshindwa kukivumilia ni mkono unaoingia mfukoni bila kubisha.

Mkono huo haukuishia kwenye RAM. Upo pia kwenye ofa. Ujumbe unakuja: ongeza salio leo upate bonasi maradufu. Mtu anaongeza. Kisha anagundua kwamba bonasi inapiga laini za kampuni ile ile tu na inakufa usiku wa manane, halafu simu yake ya kwanza kwenda mtandao mwingine inakula pesa yake halisi. Yote hayo yamefichwa ndani ya maneno manne, "vigezo na masharti kuzingatiwa". Kuna mlio wa wimbo aliojiunga nao kwa kubonyeza 1 bila kuonyeshwa bei, nao unajirudia kila wiki. Kuna kifurushi cha intaneti kinachokwisha kimya kimya, na simu ikaendelea kula salio kwa bei ya juu. Kwa hili la mwisho Tanzania walikwishachukua hatua: mwaka 2021 mamlaka yao ya mawasiliano, TCRA, iliziagiza kampuni zimjulishe mteja kifurushi kinapofika asilimia 75 na kinapofika 100.

Kwetu sheria haikosekani. Sheria namba 36/2012 inahusu ushindani na ulinzi wa mlaji, na ya mawasiliano namba 24/2016 ipo. Nguvu nayo mnayo. Mwaka 2011 mliinyang'anya Rwandatel leseni ya simu za mkononi kwa kutotimiza ahadi zake, na mwaka 2017 mliitoza MTN Rwanda faini ya zaidi ya faranga bilioni 7 kwa kuvunja masharti ya leseni. Mamlaka iliyothubutu hivyo haiwezi kushindwa na faranga 500 za mama huyu.

Basi naomba romingi ifungwe kwa kila laini hadi mwenyewe aifungue, na waliokatwa wakiwa ndani ya Rubavu warudishiwe salio lao. Naomba bei itangulie makato katika kila ofa, kwa Kinyarwanda, na kwa Kiswahili pia kwa anayekichagua, maana ni lugha rasmi ya nchi hii tangu 2017. Kifurushi kikiisha, intaneti isimame mpaka mtu akubali kuendelea. Na tunapopiga simu kulalamika, tusitozwe kwa dakika tunazosubiri kwenye muziki.

Watumeni wakaguzi wenu waje na simu za kawaida zenye laini za kampuni zote. Wasikae hotelini kando ya ziwa. Waingie ndani ya nyumba za Mbugangari, wapigiwe simu humo, kisha waangalie salio. Nitawaonyesha nyumba za kuanzia.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Muuza vocha,
Mbugangari, Wilaya ya Rubavu