Peke Yako Mjini Lisbon: Si Kiburi, ni Elimu

Wahenga walisema, "Tembea uone." Kitazame vizuri kitenzi hicho. Hawakusema "tembeeni mwone." Sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili, tunaojidai kujua umoja na wingi, tungeliona jambo hilo zamani, lakini wapi! Hapa kwetu mtu akisema anasafiri peke yake, tena si kwa msiba wala kwa kazi bali kwa kutembea tu, huulizwa maswali chungu nzima. "Kwani huna watu?" "Umegombana na nani?" Akiongeza kuwa anakwenda mji wa Ulaya kwa siku mbili tu, Jumamosi na Jumapili, basi huonekana akili zimemruka.

Maoni yangu ni tofauti. Nasema hivi: kijana wetu aliyebahatika kuwa ng'ambo, akifunga safari fupi ya namna hiyo, mtu mmoja, mji mmoja, atapata elimu ambayo hataipata akiwa ndani ya msafara wa basi zima.

Jambo hili latuhusu. Mnamo Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia sahihi, mjini Berlin, mkataba wa kuwawezesha wafanyakazi wetu kwenda huko. Wengine huenda Ulaya kusoma. Baadhi yetu tunaokalia madawati haya leo tutajikuta huko kesho. Je, tutaona nini? Tutarudi na nini zaidi ya picha za simu?

Kwa Wazungu wenyewe, safari ya mwisho wa juma ni jambo la kawaida. Tangu 1997, shirika la ndege la nchi yoyote ya Umoja wa Ulaya laruhusiwa kubeba abiria kati ya miji yoyote ya umoja huo. Ushindani ukaja, nauli zikashuka. Mtu hutoka kazini Ijumaa jioni na mkoba mgongoni, na Jumatatu asubuhi yuko kazini kama kawaida.

Sitaki kumdanganya mtu. Kwa Mkenya aliye Nairobi mlango huo si mwepesi. Viza ya Schengen ni yuro 90 tangu Juni 2024, na ukinyimwa pesa hazirudi. Utatakiwa uwe na bima ya yuro 30,000, barua za benki na tikiti ya kurudi. Hakuna atakayeamka Ijumaa na kusema, "Kesho nakwenda Ulaya." Lakini Mkenya mwenye kibali cha kuishi Ujerumani, Ufaransa au nchi nyingine ya Schengen aweza kuzitembelea nchi zote za eneo hilo bila viza nyingine, kwa siku zisizozidi 90 katika kila siku 180. Mlango u wazi kwake. Kwa nini akae chumbani akihesabu dari?

Basi aende wapi? Mimi ningemwambia Lisbon, mji mkuu wa Ureno. Wengi hukimbilia Paris kuona mnara. Sawa, mnara ni mnara. Lakini kwa mtu anayesema Kiswahili, sidhani kuna mji wa Ulaya unaomrudishia uso wake kama kioo kuliko Lisbon. Uwanja wa ndege uko ndani ya mji, na treni ya chini ya ardhi yafika papo hapo. Saa moja haiishi kabla hujafika katikati ya mji, ukiwa umeketi mkahawani na kikombe cha kahawa.

Hapo ndipo faida ya upweke inapoanza. Anayekwenda na wenzake huongea na wenzake. Watajaza meza, watacheka, watabishana kuhusu timu za mpira za kwao. Mji utapita nje ya dirisha kama sinema isiyo na sauti. Aliye peke yake hana wa kumsemesha, basi masikio yake hufunguka. Kumbe meza aliyoiegemea wenyewe waiita mesa! Bendera iliyo juu ya jumba la serikali ni bandeira. Kasha ni caixa, mvinyo ni vinho, foronya ni fronha, na leso ya mama zetu ni lenço. Halafu ataona kanisa, aambiwe ni igreja, na hapo atagutuka, maana hilo ndilo neno lililotupa sisi "gereza." Jamani! Kanisa liligeukaje kuwa jela? Swali kama hilo halijibiwi na kiongozi wa watalii. Lataka mtu atembee nalo peke yake mitaani mpaka limchome.

Na jibu analo karibu. Apande tramu nambari 15 hadi Belém, kando ya mto Tejo. Huko kuna monasteri kubwa ya Jerónimos, ambayo ujenzi wake ulianza 1501. Ndani ya kanisa lake, karibu na mlango, amelazwa Vasco da Gama katika kaburi la mawe yaliyochongwa kwa ufundi mkubwa. Ndiye huyo tunayemsoma katika historia: aliondoka Lisbon Julai 1497, akafika Mombasa na Malindi Aprili 1498, na Malindi akapewa rubani wa kumfikisha Calicut, India. Nje, ukingoni mwa mto, kuna mnara wa mwaka 1960 wenye sanamu 33 za mabaharia, wafalme na mapadri, wote wakitazama majini kama mashujaa.

Msafara hupewa dakika chache, ukasimuliwa sifa, ukapigwa picha, ukarudishwa basini. Aliye peke yake hana wa kumharakisha. Ataketi akumbuke kuwa miaka 7 tu baada ya ziara ile, yaani 1505, Wareno waliiteketeza Mombasa. Kwamba kuanzia 1593 walijenga Fort Jesus. Kwamba Waomani waliitwaa ngome hiyo 1698. Na kwamba Waingereza walipokuja waliifanya jela hadi 1958. Atajiuliza: shujaa wa nani huyu? Kila upande una hadithi yake, nasi tusipojifunza kuuliza, tutapokea ya mwenye mnara.

Akirudi katikati ya mji, apite uwanja mdogo wa São Domingos, karibu na Rossio. Hapo Waafrika, wengi wao wakitoka Guinea-Bissau, hukusanyika kuzungumza na kuuziana vitu vya nyumbani. Msafara hupita kwa haraka. Aliye peke yake husalimu, kwa kuwa upweke humfundisha mtu adabu ya salamu. Kisha apande mlima kidogo hadi uwanja wa Carmo. Hapo, tarehe 25 Aprili 1974, waziri mkuu Marcelo Caetano alisalimu amri kwa wanajeshi waliochoshwa na vita vya Angola, Msumbiji na Guinea. Mwaka uliofuata Msumbiji na Angola zikajitawala. Uwanja wenyewe ni mdogo, una miti na viti, lakini uhuru wa jirani zetu ulipitia hapo.

Najua watakaonipinga. Watasema, "Je, usalama?" Nao wana haki, hasa wazazi wa wasichana. Kwa hiyo sisemi mtu aende kiholela. Alipie malazi mapema, afike mchana, aache anwani kwa mtu anayemwamini na apige simu kila jioni. Abebe pasipoti na kibali chake, maana mtu mweusi aweza kuulizwa makaratasi pale mwenzake asipoulizwa. Achunge mfuko katika tramu nambari 28, kwani wachomozi waipenda kama watalii wanavyoipenda. Ajue kuwa nambari ya dharura ni 112 kote katika Umoja wa Ulaya. Na viatu viwe imara: Lisbon ni vilima vitupu, na mawe ya njia zake huteleza mvua ikinyesha.

Wengine watasema upweke wenyewe ni mateso. Ni kweli, chakula cha jioni cha mtu mmoja hakina utamu wa sinia la wengi. Lakini ni jioni mbili tu, si kifungo! Asiyeweza kukaa na nafsi yake siku mbili ana jambo la kujichunguza.

Pingamizi kubwa zaidi ni hili: ati kwenda peke yako ni uchoyo, kwani mtu ni watu. Hapa ndipo ninapotofautiana nao kabisa. Uchoyo ni kuona kisha ukanyamaza. Anayekwenda kwa niaba ya wengi, akatazama kwa makini kwa sababu hana wa kumtazamia, kisha akarudi na habari, huyo amewabeba watu wake wote bila nauli. Methali yasema mtembea bure si mkaa bure, huenda akaokota. Alichookota akitue chini tukione sote.

Kwa hiyo, wenzangu, atakayefika huko siku moja asiogope kuulizwa, "Kwani huna watu?" Ajibu, "Ninao, na wananisubiri niwasimulie." Na kurasa za jarida hili zitampa nafasi.