MFUPA NI USHAHIDI, RANGI NI DHANA

Ndugu Waislamu, mwaka 1999 BBC ya Uingereza ilionyesha Walking with Dinosaurs, vipindi sita vya historia ya ardhi ambamo wanyama waliokwisha toweka wamechorwa kwa kompyuta wakatembea, wakapigana na kunguruma. Msimulizi husimulia kwa yakini, kama shahidi aliyekuwapo. Mnyama wa baharini, Liopleurodon, alipewa urefu wa mita 25 na uzito wa tani 150. Wataalamu wenyewe wanaona hakufika hata mita 10! Kosa hilo mtoto atalijuaje, naye amemwona akiogelea?

Hatusemi mifupa ni uwongo. Mifupa ipo, tena mingine ni ya kwetu: ilichimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913, ikabebwa na wapagazi wa Kiafrika hadi bandarini, na mpaka leo imesimamishwa Berlin. (Wajukuu wa wapagazi hao wanaiona kwenye video tu.) Uislamu haumkatazi mja kuichunguza ardhi, bali unamhimiza. Tunachokikataa ni dhana kuvishwa kanzu ya ushahidi. Mfupa umechimbwa; rangi ya ngozi na mlio vimebuniwa.

Sisi wa Kondoa tuna mfano mlangoni. Michoro ya miambani ya Kolo, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, ingali inajadiliwa umri wake, na wataalamu hawaoni haya kusema hawana yakini. Basi mwalimu anayewaonyesha wanafunzi filamu hiyo aisimamishe kila mara, awaulize: hiki kimechimbwa, au kimechorwa?