Giaboksi Iliyochakaa Katika Motokaa Kuukuu

Katika Matungu, jirani na Mumias, motokaa ya mkulima haikununuliwa kwa anasa. Asubuhi hupeleka maziwa sokoni, mchana huchukua mbolea, na usiku, pakitokea ugonjwa, ndiyo imfikishayo mgonjwa hospitali. Kazi hiyo huifanya juu ya njia za udongo ambazo matrekta ya miwa huzichimba makorongo wakati wa mvua. Si ajabu basi kuona motokaa iliyokwisha kwenda kilomita 300,000 na zaidi ingali ikitumika kila siku.

Kuna sababu ya watu kushikamana na motokaa za zamani. Kiwanda cha sukari cha Mumias, kilichoanza kusaga miwa mwaka 1973, kiliingia katika madeni makubwa, na mwaka 2019 kikawekwa chini ya mrasimu wa wadai. Wakulima wengi walikuwa wamengoja malipo yao kwa muda mrefu. Tena sheria ya Kenya haikubali kuingizwa nchini motokaa iliyopita miaka 8 tangu ilipoandikishwa mara ya kwanza, na zile zinazokubaliwa bei yake si ndogo. Kwa hiyo giaboksi inapochakaa, swali huwa zito: ibadilishwe, au motokaa iachwe?

Mfano mmoja utaeleza jambo hili. Mkulima alikuwa na Toyota Corolla kuukuu. Gia ya pili ilianza kukwaruza, kisha ikawa yaruka yenyewe penye mteremko. Makanika wa kwanza aliisikiliza kwa dakika moja tu, akasema giaboksi imekufa na fedha ziletwe. Mkulima akaazimia kumuuza mtamba aliyewekwa kwa ajili ya karo ya shule. Mkewe akamshauri amwone kwanza fundi mwingine, mtu mzima aliyezoea kazi hiyo, maana mnyama akiisha kuuzwa harudi.

Fundi huyo hakutaja bei. Alizima injini, akaingiza gia moja baada ya nyingine. Kisha akaiwasha, akajaribu tena. Kama gia zote zingeingia vyema injini ikiwa imezimwa, na zote zikakataa ikiwa inazunguka, kosa lingekuwa la klachi isiyoachia, na kununua giaboksi kungekuwa kutupa fedha. Lakini gia nyingine ziliingia vizuri. Ya pili peke yake ndiyo iliyolia barabarani. Akafungua boliti ya chini, akaimwaga oili katika karai. Ikatoka kidogo, nusu ya kipimo chake, nyeusi, na ndani yake mna vipande vya chuma.

"Mzee," akauliza fundi, "oili hii ilitazamwa lini kwa mara ya mwisho?"

"Ya injini hubadilishwa kila mara, fundi. Hii ya giaboksi sikujua hata kama ipo."

Fundi akamwonyesha sili iliyo kando ya shafti iendayo gurudumuni. Ilikuwa imekauka na kupasuka, na oili ilivuja hapo tone kwa tone kwa muda wa miaka.

Yafaa kufahamu kazi ya chombo hiki. Ndani ya giaboksi mna magurudumu ya meno yanayoshikana. Gia ya kwanza hutoa nguvu nyingi na mwendo mdogo. Gia za juu hutoa mwendo zaidi na nguvu kidogo. Kati yao mna pete za shaba zinazosawazisha mizunguko kabla gia hazijashikana. Pete zikiisha, gia hukwaruza. Beringi zikichakaa, mngurumo husikika, na mara nyingine hunyamaza klachi inapokanyagwa. Unga mwembamba wa chuma katika oili ni jambo la kawaida kwa motokaa ya siku nyingi. Lakini vipande vinavyoonekana kwa macho ni dalili ya meno yanayovunjika. Hapo ndipo makanika anaposema kweli kwamba giaboksi imekwisha.

Hata hivyo, kujua kwamba giaboksi imekwisha si sababu tosha ya kununua nyingine. Mwenye motokaa aitazame kwanza motokaa nzima. Je, chasisi imeliwa na kutu? Injini yatoa moshi wa buluu kwa kula oili? Breki na usukani ni salama? Kuitia giaboksi nzuri motokaa iliyooza ni kama kuezeka mabati mapya juu ya nyumba ambayo nguzo zake zimeliwa na mchwa. Kisha achukue karatasi, aandike bei ambayo motokaa ingeuzwa kama ilivyo, bei ambayo ingeuzwa ikiisha kutengenezwa, na gharama yote ya kazi. Huenda gharama ikapita faida ya kuiuza. Lakini kama chombo kilichobaki kina afya ya kutumika miaka kadhaa, kukitengeneza bado huweza kuwa nafuu kuliko kununua kingine ambacho maradhi yake hayajulikani.

Akikata shauri kutengeneza, njia ni mbili hasa. Ya kwanza ni kuifungua ile ya zamani na kutia beringi, pete na sili mpya. Hii yafaa kama meno ni mazima na fundi ni hodari. Ya pili ni kununua iliyotumika, kama zile zitokazo Japani ziuzwazo katika maduka ya Kirinyaga Road, Nairobi, na katika miji mingine. Mnunuzi asiende na jina la motokaa peke yake. Kwenye Toyota kuna kibati chenye namba za chasisi na za giaboksi, azinakili zote. Dukani aizungushe shafti kwa mkono: izunguke laini bila kukwama wala kuchezacheza. Atazame kama kasha lina ufa au limechomelewa. Tena adai risiti yenye siku za dhamana, ambayo pia itamlinda ikiwa mali hiyo itadaiwa kuwa ya wizi.

Giaboksi ikiwa imeshushwa, yafaa kubadili pia sahani ya klachi, beringi yake, na sili ya nyuma ya injini, maana ujira wa kushusha umekwisha lipwa. Asiyefanya hivyo huenda akalipa ujira uo huo tena kabla ya mwaka kwisha. Kazini, motokaa isitegemee jeki peke yake. Iwekwe juu ya magogo au vyuma imara, kwa kuwa watu wameuawa kwa pupa hiyo. Oili nayo iwe ile iliyoamriwa na waliounda motokaa. Peugeot 504 za zamani zilitiwa oili ya injini katika giaboksi, hali nyingine nyingi huhitaji oili yake maalumu. Zile zinazojibadilisha gia zenyewe ni wepesi zaidi kudhurika: oili isiyo yake huweza kuziharibu, na oili iliyogeuka rangi na kunuka kuungua ni onyo la mapema.

Yule mkulima alikuta chasisi na injini ni nzima, akanunua giaboksi iliyotumika. Mtamba aliuzwa, na karo ikalipwa kwa mafungu. Motokaa inakwenda, lakini sasa kila asubuhi mwenyewe huinama kutazama ardhi chini yake kabla ya kuiwasha. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Thamani ya sili moja na lita mbili za oili haikaribii hata kidogo bei ya mtamba, na tone jeusi juu ya udongo ni barua ambayo kila mwenye motokaa aweza kuisoma mapema.