Udongo Upimwe Kabla ya Kumwagwa Zege

Imezuka kasumba katika baadhi ya halmashauri ya kuyaona maegesho ya malori na stendi kuukuu kuwa ndiyo ardhi rahisi kuliko zote kuendelezwa. Hakuna nyumba ya kufidia wala makaburi ya kuhamisha. Mkandarasi husawazisha, humwaga moramu na zege, na kabla ya masika soko limekwisha kusimama. Anayethubutu kuuliza habari za udongo huambiwa kwamba anachelewesha maendeleo ya wananchi.

Hoja hiyo ni ya hatari, na hatari yake haikomei mijini. Kata ya Susuni imo wilayani Tarime, wilaya ya nyanda zenye mvua nyingi inayopakana na Kenya, ambako malori ya mizigo huvuka mpaka wa Sirari kila siku. Palipo na malori pana maegesho, na palipo na maegesho pana mafundi wanaomwaga oili chini ya mti. Ardhi ya namna hiyo inapotakiwa kugeuzwa soko, zahanati au shule, swali la kwanza halipaswi kuwa ni mabanda mangapi yatatosha.

Chini ya maegesho ya miaka mingi hakulali vumbi tu. Oili chafu, dizeli na maji ya betri hunywewa na ardhi kidogo kidogo. Petroli yenye risasi iliachwa karibu kote kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa 2006, lakini risasi haiozi. Iliyoangukia udongoni kabla ya hapo ingali humo. Mvua nayo hufanya kazi mbili. Maji yanayotiririka hubeba ule utando wa mafuta wenye rangi za upinde hadi mtoni. Yanayozama huisukuma sumu chini, kuelekea maji ya visima.

Hapo ndipo wataalamu wa mezani wanapopotoka. Kwa kujua kwamba paa na zege vitazidisha kasi ya maji, huamuru yachimbwe mashimo ya kunyonya maji ya mvua ndani ya uwanja, kisha hujisifu kwamba mafuriko yamedhibitiwa. Kwenye ardhi safi hiyo ni busara. Kwenye udongo ulioshiba oili ni kuipa sumu njia ya mkato hadi kisimani kwa jirani. Udongo hauna budi kupimwa kwanza, ndipo ijulikane ni wapi maji yaachwe yazame, na ni wapi yazuiliwe kabisa yasiguse ardhi, yakapitishwa katika mfereji uliosakafiwa hadi kwenye tangi la kutenganisha mafuta. Humo mafuta huelea, na maji hutolewa kwa chini. Tangi lenyewe lisipozolewa mafuta mara kwa mara, ni pambo tu.

Watetezi wa haraka husema vipimo ni gharama. Na watazame Jangwani, Dar es Salaam. Mwaka 2011 mafuriko yaliua watu wapatao 40 jijini humo, na bonde la Msimbazi likaonekana na kila mwenye macho kuwa ni njia ya maji. Hata hivyo, mabasi yaendayo haraka yalipoanza kazi mwaka 2016, kituo chao kikuu cha maegesho na matengenezo kilikuwa humo humo bondeni. Mto ukakiingia mara kwa mara. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa ajili ya mradi wa bonde hilo, na miongoni mwa kazi zake ni kukihamisha kituo hicho na kuligeuza bonde kuwa bustani ya jiji. Gharama iliyokwepwa mwanzoni imerudi ikiwa mkopo, na kabla ya watoto kucheza katika bustani hiyo, udongo uliokuwa chini ya mabasi nao utakuwa na haki ya kupimwa.

Tarime yenyewe haihitaji kufundishwa na Dar es Salaam. Mei 2009 maji machafu ya mgodi wa North Mara yalivuja hadi mto Tigithe, unaoingia mto Mara. Kampuni ikasema wezi walikuwa wameiba karatasi za plastiki zilizotandikwa kuyazuia. Miaka 10 baadaye, Mei 2019, Serikali iliutoza mgodi huo faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa kuvuja kwa bwawa la mabaki yake. Mgodi na maegesho havilingani kwa ukubwa, lakini maji hayaulizi ukubwa wa chanzo. Wala faini haisafishi kisima.

Sheria haikukosekana. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inamtwika mchafuzi gharama za uchafuzi wake, na inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Maabara pia haikukosekana: Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza. Sampuli zichimbwe pale mafundi walipokuwa wakimwaga oili, pale betri zilipokuwa zikivunjwa na pale lilipofukiwa tangi la mafuta, si pale penye majani mabichi. Mkataba wa ujenzi usitiwe saini kabla ya majibu kusomwa mbele ya mkutano wa kijiji, na gharama ya kuondoa udongo mchafu ilipwe na aliyechuma faida ya maegesho, si mama atakayepanga nyanya zake juu yake.