Mkia wa Mbwa Una Kosa Gani?

Wapo miongoni mwetu wanaofuga mbwa wa ulinzi, Rottweiler na Doberman, na wengi wa mbwa hao hawana mkia. Hawakuzaliwa hivyo. Walikatwa wakiwa na siku chache tu, macho hayajafunguka, ama kwa mkasi, ama kwa mpira unaobana mpaka damu isifike na mkia udondoke. Mara nyingi bila ganzi. Tukiuliza sababu tunajibiwa kwamba mbwa wa aina hii ndivyo anavyopendeza.

Sababu hiyo tunaikataa. Mkia si manyoya ya kupunguzwa. Ni mwendelezo wa uti wa mgongo, una pingili, misuli na mishipa ya fahamu, na kwa huo mbwa husema na wenzake na sisi pia: nimefurahi, naogopa, usinikaribie. Tumemkata ulimi, kisha tunashangaa watoto wa jirani wasipotambua kwamba amekasirika.

Wapo wanaosema mkia utaumia baadaye, afadhali uondolewe mapema. Hoja hiyo ilipimwa Uingereza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulikadiria kwamba ingebidi kukata mikia ya mbwa wapatao 500 ili kumwepusha mmoja tu na jeraha la mkia. Wengine 499 wamekosa nini? Tunakubali kwamba mbwa wa uwindaji wanaopenya vichakani wako hatarini zaidi, na sheria ya England imewaachia nafasi. Tunakubali pia kwamba mkia wenye kidonda kisichopona daktari wa mifugo auondoe. Hiyo ni tiba. Lakini mbwa wa kulinda geti anapenya kichaka gani? Norwei na Sweden, nchi za Walutheri wenzetu, zilipiga marufuku ukataji huu tangu miaka ya 1980, na mbwa wao wangali wanabweka.

Wengine hushika Mwanzo 1:28, kwamba tumepewa kutawala. Ndiyo, tumepewa. Ila wasome mpaka mwisho wa sura: Mungu alikitazama kila alichokifanya akakiona ni chema sana, na mkia wa mbwa ulikuwamo. Kumbukumbu la Torati 25:4 inamkataza mkulima kumfunga kinywa ng'ombe anayepura nafaka. Mithali 12:10 inampima mwenye haki kwa jinsi anavyomjali mnyama wake. Mtawala anayefanya apendavyo asiulizwe na yeyote, huyo hatumwoni katika Maandiko. Na katika Katekisimu Ndogo tulifundishwa kukiri kwamba Mungu ametuumba sisi pamoja na viumbe vyote; tulikariri hayo kwenye kipaimara, wengine kwa kuogopa fimbo, lakini tulikariri.

Tunalijua swali linalofuata: watu wana njaa, nanyi wachungaji mnahangaikia mikia? Kuacha kukata hakumnyimi mtu yeyote chakula. Anayelipia kukata ndiye anayetumia fedha, tena kwa ajili ya sura ya mbwa getini, ili wapita njia wamwogope. Akitaka mbwa aheshimiwe, amlishe vizuri, amchanje kichaa cha mbwa na asimfunge mnyororo mchana kutwa juani.

Na anayeagiza mtoto wa mbwa aseme mapema, kabla mama hajazaa, kwamba anamtaka na mkia wake. Akingoja mpaka siku ya kwenda kumchukua, atakuta umeshakatwa.