Mpiga dramu naye alipwe



Mpendwa msomaji, leo nakuletea habari ya mtu ambaye huenda hukutarajia kumkuta katika safu hii. Anaitwa Nicko McBrain, Mwingereza. Tangu 1982 hadi Desemba 2024 alipiga dramu katika Iron Maiden, bendi ya roki ile kali inayoitwa hevi metali. Usishtuke. Mwaka 1999 mtu huyo alimpokea Kristo, na hakuacha kupiga dramu kwa sababu hiyo. Kilichomsimamisha ni mwili: alipata kiharusi Januari 2023, na baada ya karibu miaka miwili akaagana na jukwaa.

Nimevutiwa na mfuko wake kuliko makelele yake. Fedha za muziki huingia kwa milango kadhaa. Kuna kiingilio, kuna mauzo ya santuri na fulana, na kuna haki ya mtunzi, ambayo huendelea kumlipa hata akiwa amelala. Mlango huu wa mwisho mpiga dramu huuona kwa mbali. McBrain alikaa katika bendi zaidi ya miaka 20 ndipo jina lake likaandikwa miongoni mwa watunzi wa wimbo, nao ni “New Frontier” wa mwaka 2003. Hakulala njaa, maana bendi yake hujaza viwanja. Lakini mwaka 2009 alifungua mgahawa wa mbavu za kuchoma huko Florida, Marekani, na baadaye akawa na duka la dramu Manchester. Mtu mwenye busara hujua kwamba mikono huchoka.

Sasa turudi kwetu. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, Kongo, alifiwa na mama yake angali kijana, akautafuta mkate kwa muziki. Alipiga dramu kabla ya kujulikana kwa gitaa. Alikuja Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, kisha akaenda Super Matimila, ambako vyombo vilikuwa mali ya mfanyabiashara. Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Katika bendi zetu nyingi za dansi, mwenye gitaa, spika na dramu ndiye mwenye bendi, na anayetoka jasho juu yake ni kibarua. Remmy alifika Ulaya na albamu yake ya 1989 ikatolewa Uingereza. Hata hivyo, mpaka leo watu wanashuka Sinza kwa Remmy bila kujiuliza nyimbo zile ziliwaachia nini watoto wake. Naye alipatwa na kiharusi, naye alimgeukia Mungu akaimba Injili, akafariki Desemba 2010.

Hapa Tabora tusijifanye wageni wa habari hii. Mji huu uliwahi kuwa na Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz wenye Segere Matata. Wazee wetu wanamkumbuka Shem Karenga na sauti yake. Waulize basi mpiga dramu wa Tabora Jazz alikuwa nani, uone watakavyotazamana.

Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mtunzi, na inamtambua pia mtumbuizaji. Ni jambo jema. Ila sheria haiwezi kumsaidia mtu ambaye jina lake halikuandikwa popote.

Nikiwa huku Kipalapala huwaza misafara iliyopita Unyanyembe kwenda na kurudi pwani. Mbele alitembea kirangozi, na karibu naye mpiga ngoma. Wapagazi wa Kinyamwezi hawakuinua mzigo kabla ya kuelewana ujira: doti ngapi za merikani, shanga kiasi gani, posho ya kila siku ipimweje. Hawakuwa wamesoma, lakini hawakukubali kuambiwa “tutaonana mwisho wa safari”.

Utaniambia, “Baba, si alikubali mwenyewe? Nani alimlazimisha?” Hoja hiyo Papa Leo XIII aliijibu mwaka 1891 katika waraka wake Rerum Novarum: mapatano peke yake hayatoshi ikiwa ujira haumtoshi mfanyakazi kuishi, kwa kuwa mwenye njaa hukubali chochote. Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, inataka kibarua alipwe kabla jua halijazama. Mtakatifu Yakobo naye, sura ya tano, anasema juu ya mshahara uliozuiliwa kama kitu chenye sauti, tena sauti inayofika kwa Mungu.

Nasema haya nikiwatazama ninyi wanakamati wa parokia. Mwanakwaya anayejitolea anatoa sadaka yake, na Mungu anaipokea. Huyo simzungumzii. Namzungumzia kijana mnayemwita kutoka mjini kwa ajili ya jubilei au upadirisho, akakodi bodaboda mbili, moja yake na moja ya dramu, akapiga tangu maandamano ya kuingia hadi keki ikatwe, kisha akapewa soda, sahani ya pilau na maneno “Mungu atakulipa”. Mungu atamlipa, sina shaka. Lakini bodaboda inadai leo, na mwenye dramu anataka kodi yake jioni hiyo hiyo. Mwenye maturubai hamkumwambia Mungu atamlipa. Mlimpa malipo ya awali, akawaandikia risiti.

Najua bajeti za sherehe zinavyopangwa, nimekaa kwenye vikao hivyo miaka mingi. Kuna mstari wa nyama, wa viti, wa mapambo, wa mpiga picha, na wa “mengineyo” ambao huliwa kabla ya wakati. Kama parokia yako inajiandaa kwa sherehe ya somo wake, omba karatasi hiyo Jumapili hii baada ya Misa. Tafuta mstari wa mpiga dramu. Usipouona, muombe katibu auandike, na kiasi chake kijulikane kabla kijana hajafunga dramu zake nyuma ya pikipiki.